Injini ya Land Rover ya zamani: uiuze nzima au vipuri?

Swali hili halikauki kwa mafundi wa Kampala: injini ya petroli ya Series III, ile ya cc 2,286, ipangiwe bei ikiwa nzima au ifunguliwe?

Kwa bei, nzima hushinda ikiwa inawaka mbele ya mnunuzi. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne naye akiona; vipimo vikikaribiana, una haki ya kukaza bei. Taja na mwaka: kuanzia 1980 krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilishikwa na beringi kuu tano badala ya tatu, na anayejua atailipia tofauti hiyo. Isiyowaka hununuliwa kwa mashaka, na hapo vipuri huleta zaidi: hedi (kifuniko cha juu cha silinda) isiyopasuka, krenki isiyochongwa, kabureta.

Kwa haraka, nzima. Vipuri vinachosha kweli. Kila kimoja kina mnunuzi wake kule Kisekka, soko la vipuri vya magari, na bloku (mwili wa injini) yaweza kukukalia miezi.

Karo ikikusubiri, iuze nzima. Ukiwa na stoo kavu na subira, ifungue, ila ipake bloku oili ndani ya silinda kabla kutu haijaingia.