Mazoezi ya asubuhi Coco Beach, mwezi wa nne sasa, maoni yangu

Jamani kile kikundi cha mazoezi cha pale Coco kinastahili hela yake, na nasema hivo nikiwa nishaumia kwingine. Mwaka jana nililipia gym moja miezi mitatu kwa mkupuo, siku ya kwanza nikapandishwa mashine ya kukimbilia nikaachwa hapo, hakuna aliyeuliza nina umri gani wala naumwa nini, ila siku ya tatu tu nishaletewa unga wa protini na chai ya kukata tumbo ninunue. Wiki ya pili nikaacha, hela ikaenda.

Huku kocha alianza na maswali. Mimi nina duka Kariakoo, nashinda nimekaa toka asubuhi mpaka magharibi, na nilikuwa nimetoka kupimwa presha ikasoma 148 kwa 94, daktari akasema tujaribu kwanza mazoezi na chakula huku tunaendelea kupima. Nilipomweleza kocha akanitoa kwa wanaokimbia akanipeleka kwa wanaotembea, "dada wiki tatu wewe ni kutembea tu, ila tembea kama mtu anayewahi daladala". Kipimo chake rahisi sana, kama unaweza kuongea ila kuimba huwezi basi kasi ndo hiyo hiyo, ukishindwa hata kuongea punguza. Nakitumia mpaka leo.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunaanza saa kumi na mbili kamili, tunapanda Daraja la Tanzanite mpaka upande wa Upanga halafu tunageuza. Daraja lenyewe ni kilometa moja na kidogo, lina njia yake ya watembea kwa miguu, upepo wa bahari unakupiga usoni, kwa kweli pale hata aliyeamka mvivu anachangamka. Ukijumlisha na kunyoosha viungo ni kama dakika 40. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani na siku 2 za kukaza misuli, kwahiyo Jumamosi ndo tunamalizia, mchangani, skwoti, plenki na pushapu, tunaoanza tunapiga za magoti. Maji yakikupwa mchanga unakuwa mgumu unakimbilika, yakijaa mnabaki kwenye ule mlaini na hapo vigimbi vinawaka moto.

Halafu huyu kocha hauzi kitu chochote. Tukimaliza tunakaa anaongelea vyakula vyetu hivihivi, nusu sahani iwe mboga, mchicha matembele bamia, robo ugali na ikiwezekana wa dona, robo maharage au samaki. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na humo inahesabiwa mpaka ile ya kwenye mihogo ya hapo hapo Coco. Mimi nilikuwa naongeza chumvi mezani kabla sijaonja, na dukani soda mbili kila siku, nimeacha vyote viwili.

Kasoro zipo. Mvua ikinyesha meseji ya kuahirisha inakuja watu mshafika, pa kubadilishia nguo hakuna, na Jumamosi tunafika hata thelathini kwa kocha mmoja, wa nyuma wanachuchumaa magoti yameingia ndani na hakuna wa kuwarekebisha, hii inaniuma kwa sababu goti likiharibika mtu ndo haji tena. Nilimwambia, akaahidi msaidizi, bado namsubiri.

Wiki iliyopita nimepima, 132 kwa 84, daktari kasema niendelee hivohivo.

Bei elfu mbili kwa siku au elfu ishirini kwa mwezi. Mimi natoka Mwananyamala na boda. Njoo na maji yako na raba yenye soli nzuri, na kama una presha au sukari mwambie kocha kabla hujaanza, usinyamaze.