SNAP 4Dx Plus kwa wanyama wa porini: nukta ya bluu ya minyoo ya moyo ina uzito gani?

SNAP 4Dx Plus, kipimo cha haraka cha damu cha kampuni ya IDEXX, kimetengenezewa mbwa wa kufugwa, na maelezo yake yanasema hivyo waziwazi. Hata hivyo, wanaopima koyote (mnyama wa porini wa jamii ya mbwa) kule Marekani wamekitumia sana, kwa sababu hakihitaji umeme na jibu linapatikana mnyama akiwa bado amelala kwa dawa. Kwa upande wa minyoo ya moyo (Dirofilaria immitis) tunakipa alama za juu pale ambapo mnyoo huyo anajulikana kuwepo. Kwa Afrika Mashariki tunazipunguza, na sababu haimo ndani ya kifaa.

Tuanze na kinachofanya kifae porini. Nukta ya minyoo ya moyo inanasa antijeni, yaani protini inayotolewa na mnyoo jike aliyekomaa. Haitafuti kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na maradhi) za mwenye damu, kwa hiyo mnyama awe mbwa, koyote au bweha, kinachonaswa ni kilekile. Nukta nyingine tatu, za Ehrlichia, Anaplasma na ugonjwa wa Lyme (maambukizi ya bakteria yanayoenezwa na kupe), zinatafuta kingamwili, na kingamwili ni za mnyama mwenyewe. Usizipe uzito uleule kwa spishi ambayo haijajaribiwa.

Matumizi ni rahisi ukifuata mpangilio. Kikitoka kwenye baridi, kiache nusu saa kizoee joto la chumba, usikipashe moto. Weka matone 3 ya damu nzima, plazma au seramu kwenye kichupa, ongeza matone 4 ya konjugeti (majimaji ya kipimo yanayokuja na kifaa), funga, pindua juu chini mara 3 hadi 5. Laza kifaa mahali tambarare, mimina yote kisimani (shimo la sampuli), kisha kaza macho kwenye duara la kuwashia. Rangi ikianza tu kuonekana hapo, bonyeza kitufe mpaka kilingane na mwili wa kifaa. Soma baada ya dakika 8. Nukta ya udhibiti, inayoonyesha kuwa kifaa kimefanya kazi, isipotokea, hakuna jibu, hata kama nukta nyingine zimeng'aa.

Makosa mengi hutokea kwenye hiyo hatua ya kubonyeza. Gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, majimaji yanakwenda upande mmoja. Damu iliyoanza kuganda haitiririki vizuri, ndiyo maana chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau ipinduliwe taratibu mara tu baada ya kuchota. Wakati mwingine duara halibadiliki rangi kabisa ndani ya dakika moja. Hapo bonyeza pindi sampuli ikishavuka dirisha la majibu. Na kuhusu hifadhi: nyuzi 2 hadi 25. Dashibodi ya Land Cruiser saa nane mchana si hifadhi, hivyo bajeti ya vipimo iwe na kasha la baridi ndani yake.

Jibu hasi ndilo linalodanganya watu wengi. Antijeni huanza kuonekana miezi 5 hadi 7 baada ya mbu kuambukiza, kwa hiyo mtoto wa miezi minne akiwa hasi hujajifunza kitu. Minyoo ikiwa madume matupu, hasi. Wanyama jamii ya paka huwa na minyoo michache sana, pengine mmoja au wawili, hivyo kwa chui au paka pori hatupendekezi kutegemea kifaa hiki peke yake. Tena kuna antijeni iliyokumbatiwa na kingamwili, ambayo kifaa hakiioni. Maabara huifungua kwa kupasha seramu hadi nyuzi 103 kwa dakika 10, kuizungusha kwenye sentrifuji na kupima maji ya juu. Andaa angalau mililita moja, maana seramu huganda kama yai na maji yanayobaki ni kidogo. Sampuli hiyo usiisomee zile nukta tatu: joto limeshaua kingamwili.

Joto hilohilo lina ubaya wake, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Spirocerca lupi, mnyoo wa ukuta wa umio anayesambazwa na dundu wa kinyesi, anajulikana kwa mbwa wa Kenya tangu zamani, na anaweza kuleta nukta ya bluu isiyo ya minyoo ya moyo, hasa seramu ikipashwa. Acanthocheilonema dracunculoides, mnyoo mwingine wa mbwa, naye vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, Dirofilaria repens anayeishi chini ya ngozi kwa kawaida hapiti kwenye kipimo hiki kabisa. Ukiandika kwenye ripoti "bweha ana minyoo ya moyo" kwa nukta moja tu, umeandika zaidi ya ulichopima.

Kiambatanishe na njia ya Knott, inayotafuta maikrofilaria (watoto wa minyoo walio kwenye damu), ambayo gharama yake ni ndogo. Changanya mililita 1 ya damu ya EDTA na mililita 9 za formalini ya asilimia 2, zungusha kwenye sentrifuji dakika 5, mwaga maji, ongeza tone la bluu ya methilini kwenye mashapo yaliyobaki, tazama kwa darubini na upime urefu. Maikrofilaria wa D. immitis ana takriban maikromita 295 hadi 325, kichwa kilichochongoka na mkia ulionyooka. Wa D. repens ni mrefu zaidi, kichwa butu, mkia umepinda kama mpini wa mwavuli. Ukiona ala imemfunika, huenda ni Brugia, jamii nyingine ya minyoo; B. patei aliyeelezwa mwaka 1958 alipewa jina la kisiwa cha Pate huko Lamu, na anaishi kwa paka, mbwa na hata kanu.

Nukta chanya isikukimbize kwenye matibabu. Minyoo mikubwa ikifa kwa pamoja, vipande vyake huziba ateri za mapafu, na mnyama wa porini huwezi kumpumzisha wiki kadhaa kama mbwa wa kufungwa kamba.

Ukipata mzoga mbichi wa bweha aliyegongwa barabarani, weka kifaa pembeni ushike kisu cha upasuaji. Pasua ventrikali ya kulia, fuata ateri hadi ndani ya mapafu. Jike ni uzi mweupe wa sentimita 25 hadi 30, dume 12 hadi 20 na mkia uliojisokota. Wahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70, andika jinsia na idadi.