Chupa ya madini madogo kwa bonsai zangu: uzoefu wa misimu miwili

Kabla sijanunua nilitafuta sana mtu wa kunijibu swali moja: mti unaopata mbolea yake ya kawaida bila kukosa, unahitaji tena chupa ya pili ya madini madogo, yaani chuma, zinki na mengine ambayo mti hutaka kidogo sana? Sikupata jibu lililonitosha, nikanunua, nikatumia misimu miwili ya ukuaji. Kati ya bonsai zangu tano, yaani miti inayofanywa midogo kwa kulelewa vyunguni, mmoja ndio uliofaidika. Miwili haikuonyesha tofauti yoyote, mmoja sikuupa ili niulinganishe na mwenzake, na huyo mwenzake niliuumiza.

Nina fikasi mbili zilizotokana na vipandikizi vya mti mmoja, elmu ya Kichina, junipa, na gadenia ambayo nimeilea kwa miaka saba. Yote iko kwenye vyungu vifupi vya bonsai, kwenye mchanganyiko wa akadama (punje za udongo wa mfinyanzi kutoka Japani), pamisi (jiwe jepesi la volkano) na kokoto za lava.

Aliyenipeleka dukani ni gadenia. Majani machanga ya kileleni yalianza kutoka na rangi ya njano iliyofifia, huku mishipa ya jani ikibaki kijani, kila mshipa ukionekana waziwazi mpaka ule mwembamba kabisa. Ukiinua jani kwenye mwanga unaona wavu wa kijani juu ya njano. Majani ya zamani, chini kwenye shina, yalikuwa mazima kabisa.

Naomba usilipite hilo la majani yapi yanaanza, maana ndilo linalokuambia kinachokosekana. Madini ya chuma yakishakaa kwenye jani hayahami tena, kwa hiyo chuma kikipungua wanaoumia ni majani yanayozaliwa. Magnesiamu inahama: mti huinyofoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga, hivyo njano huanzia chini. Naitrojeni nayo ikikosekana jani la zamani hupauka lote, mishipa na kila kitu. Nimeona watu wakimimina chumvi ya Epsom kwenye mti wenye njaa ya chuma wiki baada ya wiki, na mti haupati nafuu, kwa sababu chumvi ile ni magnesiamu na salfa tu.

Mbolea yangu wakati huo ilikuwa ya kuyeyusha kwenye maji, na lebo yake ilitaja naitrojeni, fosforasi na potasiamu, basi. Mti uliopandwa ardhini unaweza kuishi vizuri na mbolea kama hiyo, kwa sababu udongo wenyewe una chuma, manganizi, zinki, shaba na boroni, na mizizi ina pa kutafuta. Bonsai haina pa kwenda. Pamisi na lava hushika chakula kidogo sana, akadama ina nafuu kiasi, na sisi tunamwagilia kila siku, siku za joto hata mara mbili, na kila maji yanapotoka kwenye tundu la chini yanaondoka na kitu. Wakuzaji wa bonsai wa Japani wana desturi ya kuweka vidonge vya mashudu juu ya udongo. Mashudu yametokana na mbegu, na mbegu ina hayo madini madogo tayari, kwa hiyo mti unayapata bila mtu kuyafikiria. Pengo linatufungukia zaidi sisi tuliohamia kwenye mbolea za chumvi safi za kuyeyusha na udongo wa kokoto tupu.

Sasa chupa yenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya maji, yenye chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni na molibdeni. Nilifuata kipimo cha lebo, mara moja kila wiki mbili, siku moja na mbolea. Wiki sita zikapita. Gadenia haikubadilika hata kidogo, na majani mapya yakazidi kupauka, mengine yakitoka karibu meupe na kuungua ncha. Nakiri niliumia. Mti niliouzungushia waya kwa mikono yangu mwenyewe, tawi kwa tawi, ulikuwa unafifia mbele yangu na dawa ninayo mkononi.

Nikarudi kusoma lebo, maandishi madogo ya nyuma. Chuma chake kilikuwa kimefungwa kwa keleti ya EDTA. Keleti ni molekuli inayokishika chuma kisigandane na kuwa kama kutu isiyoyeyuka, ambayo mizizi ya gadenia haiwezi kuinyonya. Lakini keleti hazina nguvu sawa. EDTA huanza kukiachia chuma pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua) ikipita takriban 6.5. DTPA huvumilia mpaka karibu 7.5. EDDHA hukishikilia hata pH ikifika 9. Nikachukua karatasi za kupimia, nikapima maji yangu ya kumwagilia: karibu 8. Na ule ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, ambao nilikuwa nausugua kila mara nikidhani ni uchafu, ulikuwa chokaa ya maji magumu. Kumbe kila nilipomwagilia nilikuwa napandisha pH ya udongo wa mmea unaopenda uchachu, halafu naupa chuma kinachoganda kabla hakijafika kwenye mzizi.

Nikanunua bidhaa ya pili, hii ya chuma peke yake, iliyofungwa kwa EDDHA. Ni unga mweusimweusi, chembe ndogo kabisa. Ukiutia kwenye maji yanakuwa mekundu ya kukolea, na yanadoa vidole, kopo, mpaka kingo za chungu, kwa hiyo vaa glavu na usimimine juu ya moss, ule mmea mfupi wa kijani unaotanda juu ya udongo, kama unaipenda. Niliumimina mara moja, nikasubiri.

Siku ya kumi na mbili chipukizi moja lilifunguka upande wa kulia wa kilele. Nililiangalia kwa kioo cha kukuza. Kitako cha jani kilikuwa kijani, na ile kijani ilikuwa imevuka mishipa, imeingia kwenye nyama ya jani lenyewe. Machipukizi yaliyofuata yalitoka kijani yote. Majani yaliyokwisha kuwa njano yalirudi nusu, kuanzia pembeni mwa mishipa, na yale meupe kabisa hayakurudi, nikayakata. Baada ya miezi miwili usingeamini ni mti uleule.

Ingawa nilifurahi, sikutaka kuisifia bidhaa kwa kazi ambayo pengine imefanywa na kitu kingine. Msimu wa pili nikabadilisha. Gadenia nikaimwagilia maji ya mvua niliyokinga, na mbolea nikahamia kwenye ile ambayo lebo yake inaorodhesha madini madogo pamoja na yale makubwa. Kirutubisho cha ziada sikuipa hata tone. Imekaa kijani msimu mzima. Mimi hapo nimeelewa: EDDHA iliuokoa mti, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa maji yangu na mbolea yenye mapungufu.

Miti mingine sina mengi ya kusema. Elmu iliendelea kama kawaida yake. Junipa hukua polepole mno, kwa hiyo siwezi kukuambia lolote la maana juu yake kwa misimu miwili tu.

Fikasi ndizo zilizonifundisha. Kwa kuwa zina mama mmoja, moja niliipa ile chupa ya kwanza kila wiki mbili na nyingine sikuipa, zote zikila mbolea moja iliyokamilika, yenye madini madogo ndani yake, zimekaa dirisha moja. Kwa wiki kumi na sita nilipima urefu wa vipande kati ya jani na jani, nikalinganisha rangi na ukubwa wa majani. Sikuona tofauti. Mti ambao tayari unapata manganizi na zinki za kuutosha hauna kazi na za ziada.

Hapo ningeacha. Lakini chupa ilikuwa imebaki nusu, na lebo yake ilisema bidhaa haina madhara hata ikizidishwa, nikaongeza kipimo mara mbili na kuitia kila wiki. Ndani ya mwezi majani ya zamani ya fikasi ile yakaanza kuungua kingo, mstari wa kahawia uliozunguka jani zima kama umechorwa. Dalili zilifanana na za boroni kuzidi. Boroni ni madini ambayo umbali kati ya kutosha na kudhuru ni mfupi sana, na kwenye chungu chenye udongo wa viganja viwili huo umbali unaupita haraka. Niliusuuza udongo kwa maji mengi safi mara tatu, nikaacha kila aina ya mbolea kwa wiki nne. Mti umepona, lakini majani yaliyoungua yalidondoka, na tawi la chini la kushoto, ambalo nilihitaji sana kwa umbo, limekufa. Maneno ya lebo ile si ya kweli na hayapaswi kuandikwa kwenye chupa inayouzwa kwa watu wenye miti midogo.

Kwa hiyo nikiulizwa leo: soma kwanza lebo ya mbolea uliyonayo. Ikiwa imetaja chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni na molibdeni, au unatumia mashudu, hiyo chupa ya pili iache dukani. Ikiwa majani machanga yana njano katikati ya mishipa, chungulia mizizi kabla hujanunua chochote, kwa sababu mizizi iliyooza kwa maji mengi huleta njano ileile, halafu pima maji. Ile chupa ya kwanza, yenye mchanganyiko wa madini madogo, naipa nyota mbili. Chuma cha EDDHA nakipa tano, kwa mti wenye njaa ya chuma tu. Unga wangu nimeuweka kabatini, kwenye chombo kisichopitisha mwanga kwa kuwa mwanga huuharibu, na msimu huu sijaufungua.