Fimbo na rili ya kwanza ya kuvulia ufukweni kwa chambo bandia: ipi ianze, ipi isubiri

Wengi wakienda kununua fimbo ya kwanza huanza na samaki: "Nipe ya kubeba kilo kumi." Muuzaji anakuletea gongo. Ukifika ufukweni ukafunga chambo cha gramu 15, gongo halipindi na chambo kinadondoka hapo mbele yako. Fimbo hurusha kwa kupinda, na kinachoipinda wakati wa kurusha ni uzito wa chambo. Basi jiulize kwanza chambo cha gramu ngapi utakirusha mara nyingi. Kwa anayeanza, jibu ni gramu 15 hadi 30: visamaki vya mpira vyenye kichwa cha risasi, vipande vya chuma vinavyong'aa, na vile vya kuelea vinavyotibua maji.

Uzito huo huandikwa kwenye fimbo yenyewe, juu kidogo ya kishikio, kwa gramu au kwa aunsi (aunsi moja ni gramu 28 hivi). Watengenezaji hutia chumvi kidogo. Fimbo iliyoandikwa 10–40 huwa tamu zaidi kwenye 20 na 30; ukiifunga 40 usiitupe kwa nguvu zako zote.

Ya kwanza: mita 2.7, gramu 10–40, rili ya 4000 (namba ya ukubwa wake)

Hii ningemnunulia mdogo wangu bila kumuuliza maswali. Urefu huo unatosha kuvusha chambo juu ya wimbi la kwanza na kuinua mshipi usikwaruze mwamba, lakini hauchoshi. Na uchovu si jambo dogo: mvuvi wa chambo cha kawaida hutupa akangoja, wewe unatupa na kuvuta, unatupa na kuvuta, asubuhi nzima. Chagua ya vipande viwili, ya kaboni, inayopinda zaidi kwenye theluthi ya juu, maana ncha ndiyo inayokupa habari za chambo. Kama unajijua una mkono mzito, zipo fimbo za kaboni iliyochanganywa na fiberglasi, kama Ugly Stik. Ni nzito kidogo lakini zinavumilia kugongwa.

Ya pili: mita 2.1 hadi 2.4, gramu 5–25, rili ya 2500 au 3000

Kwenye gati, ghuba tulivu au mdomo wa mto, ningeipandisha hii iwe ya kwanza. Ni nyepesi na hata samaki mdogo anakupa raha. Ila penye mawimbi, mshipi wake unalala chini, maji yanaubeba, nawe hujui tena chambo kiko wapi.

Ya tatu: mita 3 hadi 3.3, gramu 20–80, rili ya 5000 au 6000

Inafika mbali, na ufukwe mpana wenye upepo unaihitaji. Lakini inunue ukishajua kurusha. Fimbo ndefu mikononi mwa asiyejua haifiki mbali kuliko ile ya 2.7, na bega litakuuma kabla jua halijapanda.

Za kuacha

Fimbo ya kuchomoa kama antena ya redio inavutia kwa sababu inaingia kwenye begi. Mchanga ukiingia kwenye viungo, haifungi wala haifunguki, na pete zake za kupitishia mshipi hujigeuza upande katikati ya kurusha. Seti iliyofungwa pamoja na mshipi na ndoana zake sina ugomvi nayo kama fimbo na rili ni za kampuni inayojulikana. Mshipi wake tu, utoe. Rili ndogo zinazokaa juu ya fimbo, ambazo mshipi huzuiwa kwa kidole gumba, ziache kwa sasa: upepo ukivuma usoni, chambo kinapunguza mwendo huku spuli (kigurudumu kinachobeba mshipi) ikiendelea kuzunguka, na utabaki unafumua mafundo.

Pesa nyingi ziende kwenye rili

Fimbo ya wastani inavua. Rili mbovu inakufa kwa chumvi. Usihesabu beringi: chache nzuri zinazidi kumi na tatu za hovyo. Angalia breki, yaani kinachoachia mshipi kidogo kidogo samaki akivuta. Pitisha mshipi kwenye pete, vuta kwa mkono polepole. Breki nzuri huachia laini, bila kushtuka mwanzoni. Breki ya kilo 12 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kujisifia tu, kwa sababu utaikaza hadi robo au theluthi ya nguvu ya mshipi wako. Mshipi wa kilo 10 unahitaji kama kilo 2.5 hadi 3.

Namba za ukubwa hazifanani kampuni hadi kampuni. Kwa Shimano, C5000 ni spuli ya 5000 juu ya mwili wa 4000. Daiwa nao, tangu rili za LT za 2018, 4000 yao ni ndogo kuliko 4000 yao ya zamani. Kwa hiyo ishike rili mkononi, na usome inabeba mita ngapi za mshipi unaoutaka.

Mshipi wenyewe uwe wa kusuka, PE 1.5 (PE ni kipimo cha unene wa mshipi wa kusuka), yaani milimita 0.2 hivi, mita 200. Chini yake, kwenye spuli, zungusha nailoni kidogo, la sivyo wa kusuka utateleza juu ya chuma na utadhani breki imeharibika. Mbele funga mita moja au zaidi ya florokaboni (mshipi mgumu usiosukwa), kwa sababu mshipi wa kusuka ukigusa mwamba ukiwa umekazwa unakatika mara moja. Kwa mzia na wenzake wenye meno, ongeza kipande kifupi cha waya.

Kabla hujalipa

Chukua kipamba cha masikio, kizungushe ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa, pete ina ufa na itakula mshipi. Kisha chungulia kutoka kwenye kishikio hadi nchani: pete zote zikae mstari mmoja. Funga rili, weka kidole chini ya fimbo karibu na mguu wa rili. Ncha ikizama sana, mkono wako ndio utakaoibeba siku nzima. Mwisho zungusha rili polepole, si kwa kasi, maana kasi huficha mikwaruzo ya gia.

Ukitoka baharini, kaza breki, mwagia rili maji baridi yasiyo na chumvi kwa mnyunyizo mwepesi, ifute, kisha legeza breki kabla hujaihifadhi. Usiipige kwa maji ya mpira yenye nguvu, yanasukuma chumvi ndani.