Upasuaji wa kukoroma: uzoefu wangu baada ya miaka kadhaa

Watu wakiniuliza kama upasuaji wa kukoroma unasaidia, nawajibu kwamba unasaidia, ila waulize pia unasaidia kwa muda gani. Mimi nilifanyiwa hapa Moshi, na miaka iliyopita inatosha kuuzungumzia. Mwaka wa kwanza ulikuwa raha tupu. Leo ninakoroma tena, ingawa si kama zamani.

Daktari wa pua, masikio na koo alitoa tonsesi zote mbili, akakata kimeo, kisha akapunguza na kushona ukingo wa kaakaa laini, ile nyama ya nyuma inayotikisika hewa ikipita. Nilipigwa nusu kaputi, kwa hiyo chumba cha upasuaji sikikumbuki. Maumivu ya baadaye ndiyo nayakumbuka vizuri. Jiandae kwa wiki mbili hivi ambazo hata kumeza mate ni kazi, na maumivu yanapanda mpaka masikioni. Niliishi kwa uji uliopoa na mtori mwepesi. Mwanzoni nikinywa maji haraka yalitokea puani; hilo liliisha. Ukavu wa koo haujaisha, na msimu wa vumbi unazidi.

Mke wangu, aliyekuwa amehamia chumba cha watoto, alirudi chumbani. Kwangu hilo peke yake lilitosha. Baadaye sauti ikaanza kurudi kidogo kidogo, kwanza nikilala chali, kisha hata kwa ubavu. Nilielezwa kwamba nyama za koo hulegea kadiri umri unavyokwenda, mwili ukinenepa mafuta hujaa shingoni na kwenye ulimi, na upasuaji wa kaakaa hauligusi shina la ulimi. Mimi nimenenepa tangu wakati ule.

Wala si mimi tu. Upasuaji huu ulienea baada ya Shiro Fujita na wenzake kuuandika huko Marekani mwaka 1981, na wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka wameonyesha matokeo hafifu kuliko waliopimwa baada ya miezi michache. Njia za leza na mawimbi ya redio nazo nguvu yake hupungua, na wengine hulazimika kurudia.

Kinachoniuma ni kipimo ambacho pale nilipofanyiwa hawakunitajia. Kukoroma kunaweza kuwa dalili ya pumzi kukatika usingizini: hewa inasimama kwa sekunde 10 au zaidi, inarudi, inasimama tena. Kuanzia mara 5 kwa saa huhesabiwa kuwa tatizo. Zikifika 30 ni kali. Sasa ukipunguza kaakaa, kelele inaweza kunyamaza huku pumzi ikiendelea kukatika, na anayelala pembeni yako hana tena cha kumshtua. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nyumba ilikuwa kimya, lakini naamka kichwa kinauma, na asubuhi nasinzia ndani ya daladala kutoka Pasua mpaka mjini. Nilikuja kupimwa nikiwa nimelala, kifaa kidoleni na kamirija puani, ndipo ikaonekana.

Siku hizi nalala na mashine inayosukuma hewa puani kwa barakoa, ile aliyoieleza Colin Sullivan wa Australia mwaka huohuo wa 1981. Kuizoea kulinichukua muda, na umeme ukikatika usiku lazima uwe na betri. Lakini asubuhi kichwa ni chepesi, kitu ambacho upasuaji haukunipa.

Je, ningemshauri mtu afanyiwe? Kijana mwembamba mwenye tonsesi kubwa zinazoziba koo, ndiyo, kwa moyo mweupe. Watu wa aina hiyo ndio wanaofaidika zaidi. Mwenye shingo nene na kitambi aanze na uzito na mashine. Na wote wawili wapimwe pumzi za usingizini kabla ya kisu, kisha wapimwe tena kidonda kikishapona, hata kama nyumbani wanaambiwa hawakoromi tena.