Laptop ya mtumba ya kuwekea Linux: uliza prosesa, achana na stika

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Mtu kanunua laptop yenye stika ya Core i5, kaipakulia AlmaLinux 10 (Linux ya bure inayofuata RHEL, yaani Red Hat Enterprise Linux), akiiwasha inaandika "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v3" na kugoma hapo hapo. RAM nzima, diski nzima. Kinachokosekana ni amri ndani ya prosesa.

Amri hizo zimepangwa kwa viwango, v2, v3 na kuendelea. RHEL 9 ya 2022 inadai kiwango cha v2, yaani prosesa iwe na amri kama SSE4.2 na POPCNT, ambazo Intel ilizileta na prosesa za Nehalem mwaka 2008. RHEL 10 ya 2025 inadai v3, yenye AVX2, iliyoanza na prosesa za Haswell mwaka 2013. Na hata Haswell ina mtego: Pentium na Celeron za kizazi hicho hicho hazina AVX2.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye Debian ya kuwashia bila kusakinisha. Kwenye ThinkPad, laptop za Lenovo, bonyeza F12, chagua flashi, fungua terminali uandike:

grep -owE 'lm|sse4_2|popcnt|avx2' /proc/cpuinfo | sort -u

Zikitoka nne, chukua. Bila avx2, utabaki na Debian au ile AlmaLinux 10 iliyotengenezwa kwa v2. Ikikosekana lm, alama ya biti 64, prosesa hiyo ni ya biti 32. Muuzaji akikataa flashi isichomekwe, ondoka.

Chaguo la kwanza ni ThinkPad T440p, ya Haswell, na sifichi kwamba ThinkPad naipendelea: Lenovo hutoa bure mwongozo wa kuifungua skrubu kwa skrubu. Prosesa yake inachomoka, nafasi za RAM ni mbili, hadi GB 16 za DDR3L. Ukibadilisha kadi ya Wi-Fi, weka ile ambayo BIOS (programu ya kuwashia laptop) inaitambua, la sivyo utakutana na kosa 1802.

Ya pili ni T430 au X230 za 2012. Ni v2 tu, lakini Debian inatembea vizuri. Ya tatu T400, Core 2 Duo: ina lm, haina SSE4.2, hivyo RHEL 9 na Windows 11 24H2 sahau. T60 yenye Core Duo ni biti 32 na RAM inaishia karibu GB 3. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32, tumia Debian 12 au NetBSD, mfumo mwingine wa bure.

Vilaptop vya bei rahisi vya Atom Z3735F: prosesa biti 64, lakini UEFI (mrithi wa BIOS) biti 32. Bila faili BOOTIA32.EFI ndani ya EFI/BOOT, flashi haionekani kabisa.

Kinachoudhi ni bei. i5 ya 2010 inauzwa sawa na ya 2013 kwa sababu tangazo linasema "Core i5" tu. Dai namba kamili, kama i5-4300M, iandikwe kwenye risiti. Anayekataa kuiandika anajua anachouza.