Karatasi za NBER kwa msomaji wa Lamu na Malindi: bure, mpya, lakini zataka jicho kali

Kila Jumatatu taasisi ya utafiti wa uchumi ya NBER, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1920 na yenye makao yake Cambridge, Massachusetts, hutoa fungu la karatasi mpya za utafiti mtandaoni. Mkazi wa Kenya huzipakua bila kulipa, maana taasisi imewasamehe ada wakazi wa karibu nchi zote zinazoendelea. Ukiona ukurasa unadai malipo, angalia kwanza kama simu yako inatumia VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo, inayoonyesha kuwa uko Ulaya. Izime, kisha ufungue upya.

Mwanafunzi wa Malindi anayeandika tasnifu anaihitaji huduma hii. Anaihitaji pia ofisa wa mipango wa kaunti, na kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, anayetaka hoja yenye takwimu badala ya maneno ya barazani. Utafiti unaopatikana hapa mara nyingi huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoka kwenye jarida. Hiyo ndiyo faida yake, na kasoro yake inatoka hapo hapo: karatasi hizi hazijapitiwa na wahakiki wa jarida, na tarakimu zake huweza kubadilika.

Mfano ulio wazi ni utafiti wa fedha taslimu uliofanyika Siaya, ambao mwanauchumi Edward Miguel ni mmoja wa waandishi wake. Kaya maskini zaidi ya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, katika utafiti uliohusisha vijiji 653, na vijiji vya kupokea vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Karatasi ya NBER ya mwaka 2019 ilisema kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za dola 2.6 katika eneo hilo. Jarida la Econometrica lilipoichapisha mwaka 2022, tarakimu hiyo ilikuwa 2.5. Tofauti ni ndogo, na ni jambo la kawaida katika uhakiki, lakini anayenukuu ya zamani mbele ya kamati ya bunge la kaunti atasahihishwa na mtu wa kwanza aliyesoma ya jarida. Kabla ya kunukuu, tafuta jina la karatasi pamoja na majina ya waandishi ujue kama toleo la jaridani limeshatoka.

Sanduku la kutafutia ni zuri kiasi. Ukiandika neno moja tu kama "uvuvi" kwa Kiingereza, utapata rundo la karatasi za nchi nyingine. Ongeza "Kenya", au tumia alama za mada ambazo wachumi huziandika kwenye karatasi zao: O12 ni uchumi wa kaya na vijiji katika nchi zinazoendelea, I15 ni afya na maendeleo, Q22 ni uvuvi na ufugaji wa samaki. Asiyetaka hesabu nyingi aanze na Digest, jarida lao la kila mwezi linaloeleza karatasi chache kwa lugha nyepesi. Nalo ni bure.

Tatizo kubwa la wasomaji wetu ni kusoma muhtasari na kuishia hapo. Chukua karatasi ya Agosti 2025 iliyorudi kwenye vijiji vile vile vya Siaya na kuhesabu uzazi zaidi ya 100,000. Muhtasari unasema vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa 48%, na vya chini ya miaka mitano kwa 45%. Ni matokeo mazito, na yanastahili kusomwa na kila anayeshughulikia afya ya mama. Lakini endelea mistari michache. Nafuu kubwa ilionekana kwa kaya zilizo karibu na kituo chenye daktari, na kwa waliopata fedha karibu na wakati wa kujifungua. Kujifungulia hospitali kuliongezeka kwa 45%. Yaani fedha na daktari vilifanya kazi pamoja.

Sasa ipeleke Kiunga, au kijiji cha kisiwa cha Pate kilicho mbali na Faza. Kusi ikivuma, mama mwenye uchungu anahitaji boti, mafuta, nahodha aliye tayari usiku, na bahari inayopitika. Fedha zitanunua mafuta. Daktari hazimleti. Kwa hiyo 48% hiyo si ya kuandikwa kwenye pendekezo la mradi wa Lamu kama ilivyo. Kinachofaa kuchukuliwa ni sharti lake, kwamba msaada upangwe kwa tarehe ya kujifungua na uende sambamba na usafiri hadi kwa daktari. Asilimia pia hudanganya bila kianzio: 48% ya vifo 40 katika kila uzazi 1,000 ni takriban 19, lakini ya vifo 10 haifiki hata 5.

Halafu kuna suala la paa. Kule Siaya kaya maskini zilitambuliwa kwa nyumba zilizoezekwa nyasi. Kigezo hicho kilifaa huko. Huku pwani ukikibeba kizima kizima utapotea, kwani hoteli za Malindi na majumba ya kifahari ya Shela yameezekwa makuti, na fundi wa makuti hulipwa vizuri, ilhali maskini wa Ngomeni anaweza kuwa chini ya bati lililooza. Anayeiga utafiti huo atunge kigezo kingine: umiliki wa chombo na nyavu, chanzo cha maji, siku ambazo kaya ililala njaa. Jambo hili halimo kwenye muhtasari wowote. Limo kwenye sehemu inayoeleza sampuli, ambayo wengi huiruka.

Kwenye majedwali, tafuta namba tatu. Ya kwanza ni athari. Ya pili, iliyo kwenye mabano chini yake, ni kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio hayo yanavyoweza kuyumba. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: athari ya 12 yenye kosa sanifu la 8 inatoa 1.5, na chochote kilicho chini ya 2 hivi ni cha kushuku. Ya tatu ni wastani wa kundi la kulinganisha, ambalo ndilo kianzio chako.

Usitarajie karatasi ikuambie serikali ifanye nini. NBER hairuhusu karatasi zake kutoa mapendekezo ya sera. Sisi tunaliona kuwa sifa, ingawa linamwachia ofisa wa kaunti kazi yote ya kufikia uamuzi.

Kasoro zinazotuuma ni mbili. Kila kitu ni kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha wachumi, kwa hiyo mvuvi anayehusika na Q22 hataifikia bila mtu wa kumfasiria. Pili, karatasi mashuhuri kuhusu Kenya zimeegemea magharibi, Siaya na Busia. Pwani ni haba. Tunawapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyopungua ni ya pwani.

Kwenye simu majedwali hulala ubavu na herufi huwa ndogo mno. Ukienda kuchapisha saiba usichapishe faili zima, maana viambatisho huweza kuzidi karatasi yenyewe kwa urefu. Chagua ukurasa wa muhtasari, kurasa za sampuli, na majedwali mawili ya kwanza ya matokeo, ambayo mara nyingi yako nyuma kabisa, baada ya orodha ya marejeo.